Kufa Kabla ya Chai

Kwa miaka mitatu bunduki ya Kamanda haikuwa na risasi hata moja, na kwa hesabu zake mwenyewe, watu waliojua siri hiyo walikuwa wawili tu: yeye na msimamizi wa kampuni ya ulinzi. Wezi hawakujua. Tajiri wa saruji, ambaye ghala lake lililindwa na bunduki hiyo usiku kucha, hakujua. Majirani hawakujua, ndio maana walimpachika jina la Kamanda na kumpisha kwenye foleni ya bomba la maji. Mkewe naye, alivyoamini, hakujua, na hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote, maana kumfanya fundi cherehani yule amheshimu mtu si kazi ndogo.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mtutu mmoja, kuukuu, kitako chake kimefungwa waya. Kampuni ilikuwa na sera yake kuhusu risasi, nayo msimamizi aliieleza siku ya kwanza bila haya. "Mwizi haoni risasi," alisema. "Anaona mtutu. Sasa tununue kitu kisichoonekana kwa nini?"

Halafu kulikuwa na suala la saa. Zamu iliisha saa kumi na mbili asubuhi, ofisi ya kampuni ilifunguliwa saa tatu, na katikati hapo bunduki haikuwa na pa kwenda. Basi kila asubuhi Kamanda alirudi nayo nyumbani, akaiegemeza kwenye kona, kati ya cherehani na meza ya chai, akatoka uani kunawa. Na kila asubuhi binti yake wa miaka sita alikuwa anamsubiri. Walimwita Pini, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyojua kuchoma.

Pini aliingia chumbani kutafuta kitambaa na kichupa cha mafuta ya cherehani, akarudi, akapiga magoti, akaifuta bunduki kuanzia mdomo wa mtutu hadi kitakoni, ulimi nje. Baba akirejea kutoka uani, taulo shingoni, Pini aliivuta nyundo nyuma kwa vidole gumba vyote viwili, akamlenga kifuani, akavuta triga. Tik! Kamanda akashika moyo, akapepesuka, akaangusha stuli moja kwa makusudi, akafa mkekani kwa kelele nyingi. Ndipo wakanywa chai.

"Baba Pini," mkewe alisema karibu kila siku, pini amezibana midomoni, macho hayatoki kwenye mshono, "mtoto na bunduki wapi na wapi?"

"Mtoto akililia wembe, mpe."

"Wembe ukimkata, atalia, tutamfunga kitambaa. Bunduki ikimkata, atalia nani?"

Jibu Kamanda alikuwa nalo, tena la neno moja: tupu. Angelitamka, mke angetulia. Lakini angelitamka, kuanzia siku hiyo angekuwa mwanamume anayelinda ghala la watu kwa kipande cha bomba kilichofungwa waya. Kwa hiyo alikohoa, akasema mafundi cherehani wote ni waoga wa kelele, akaomba sukari.

*

Mambo yaliharibikia shuleni. Siku moja wakati wa mapumziko Pini aliwapanga wenzake mistari miwili, akampa kila mmoja rula, akawafundisha: shika, vuta nyundo, lenga, tik. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu mzuri, akawafundisha na kufa, kama baba yake anavyokufa, kwa kupepesuka na kelele. Watoto arobaini walikufa kwa pamoja kwenye uwanja ulionyeshewa mvua usiku kucha. Wazazi wangeweza kuisamehe bunduki. Tope kwenye sare, hapana.

Mkutano ukaitishwa. Wazazi walikalia viti vya watoto, magoti yakiwagusa videvu, isipokuwa tajiri wa saruji, ambaye mwanawe alisoma darasa moja na Pini. Yeye hakuna kiti kilichomtosha, akaletewa benchi peke yake, mstari wa mbele. Mke wa Kamanda alikaa nyuma kabisa. Nusu ya sare zile alizishona yeye, na alijua zitarudi kwake.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mwenye sauti ya upole, ule upole unaomfanya mtu mzima akumbuke makosa yake ya utotoni. "Kamanda," alisema, "mtoto anatuambia nyumbani kwenu kuna bunduki, na kwamba kila asubuhi anaifuta yeye. Ni kweli?"

Kamanda akasimama. Alikuwa amejiandaa njia nzima. Angesema taratibu, huku akicheka kidogo: mwalimu, haina kitu ile. Akafungua kinywa, na hapo hapo macho yake yakakutana na ya tajiri wa saruji, yaliyokuwa yanamtazama kwa hamu. Mlinzi anayetangaza mbele ya mwenye ghala kwamba bunduki yake ni tupu, kesho anabaki kulinda kitanda chake.

"Ni kweli," akasema. "Na mimi naona fahari."

Ukishaanza uongo, huwezi kuuacha njiani. Kamanda alijikuta anahutubia. Alisema watoto wanaofichwa moto ndio wanaoungua. Alisema woga ni ugonjwa, na dawa yake ni mazoea. Alisema samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba binti yake wa miaka sita anaijua bunduki kuliko askari wengine wenye ndevu. Maneno yalimtoka matamu hata yeye mwenyewe akashangaa yalikuwa yamejificha wapi siku zote.

"Samaki tunamkunja, Kamanda," mwalimu mkuu alisema. "Hatumpi kisu."

Wazazi wakacheka. Lakini tajiri wa saruji hakucheka. Alisimama, benchi likapumua, akapiga makofi. "Huyu ndiye mlinzi wangu!" akasema, akigeuka ili wote wamwone mwenye mali. "Mnasikia? Wangu mimi! Na mwanangu nitamfundisha vivyo hivyo."

Kamanda aliketi kwenye kiti chake kidogo masikio yakimwaka moto. Walipofika kwenye kona yao, mkewe akasimama.

"Umesema vizuri," akamwambia. "Sasa muombe Mungu wasikusikilize."

*

Tajiri alisikiliza. Alikuwa na bastola yake, yenye kibali na yenye risasi, na jioni baada ya chakula alianza kumshikisha mwanawe. Kila alipomkuta Kamanda getini alimpa habari. "Jana kaishika kwa mkono mmoja! Utadhani kazaliwa nayo!" Kamanda alicheka kwa meno tu.

Halafu tajiri akafanya jambo la pili. Alikwenda hadi ofisi ya kampuni ya ulinzi na kuuliza mlinzi hodari kama yule anapewa risasi ngapi. Msimamizi alikohoa sana siku hiyo. Jumatatu iliyofuata, Kamanda alipokwenda kuichukua bunduki, msimamizi alivuta droo na kutoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Mbili," akasema. "Moja ndani, moja mfukoni. Tia sahihi hapa."

Kamanda alizitazama. Zilikuwa nene, nyekundu, na zilionekana mpya kuliko kitu chochote mle ofisini. "Bosi, mimi sijafyatua bunduki tangu mafunzo."

"Kwenye mafunzo ulifyatua?"

"Nilitazama wenzangu."

"Basi unajua," msimamizi alisema, akaitia moja ndani ya mtutu kwa mkono wake mwenyewe. "Na usinilaumu. Hii yote ni kazi ya mdomo wako."

Usiku ule Kamanda aliketi na bunduki kama mtu aliyeketi na mkwe wake: mgongo wima, miguu pamoja, bila kuthubutu hata kupiga miayo. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kukesha kazini bila kusinzia. Alikuwa na mpango wake. Saa kumi na mbili kamili, kabla ya kutoka getini, ataitoa ile ya ndani na kuweka zote mbili mfukoni. Nyumbani ataingia na bomba lile lile la siku zote, na hakuna atakayejua lolote.

Lakini saa kumi na moja na nusu lori la saruji likaja kabla ya wakati wake. Dereva alitaka kuingia kinyumenyume, Kamanda akamwambia hapiti, dereva akamwita bawabu, wakajibizana, wapagazi wakawaamulia, mlinzi wa mchana akafika naye akataka kusimuliwa. Mwisho wa yote Kamanda aliipachika bunduki begani, macho yamemjaa mchanga wa usingizi, na miguu ikampeleka nyumbani yenyewe kwa njia iliyoizoea.

*

Akaiegemeza kwenye kona. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anashona sare ya tisa tangu siku ile ya tope, na hakuinua kichwa. Pini aliruka na kukimbilia chumbani kutafuta kitambaa. Kamanda akatoka uani, akainamia ndoo, akajipaka sabuni uso mzima na kichwa, kwa kuwa vumbi la lori lilikuwa limeingia hadi masikioni.

Akasikia Pini anaimba ule wimbo wake wa kufuta, usio na maneno. Akatabasamu kwenye povu. Sabuni ikamwingia jichoni, akapeleka mkono mfukoni kutafuta leso, na vidole vyake vikagusa kitu kinene, cha mviringo, kilichofungwa kwenye gazeti.

Moja mfukoni.

Hakumbuki alivyopita uani. Ndoo aliipiga teke, hilo tunajua kwa kuwa jirani aliiokota upande wa pili wa ukuta. Kamba ya nguo ilimkaba shingo, akaikata kwa mbio zake, akaingia mlangoni macho yamefumba, povu kichwani na sare mbichi ya mtoto wa watu imemning'inia begani.

"Pini! Weka chini! Weka chini, mama! Usivute!"

Alilazimisha jicho moja kufunguka. Mtutu ulikuwa unamtazama kifuani. Nyundo ilikuwa nyuma. Juu ya nyundo aliona uso wa binti yake, ulimi nje, jicho moja limefumbwa kama alivyomfundisha yeye mwenyewe.

"Baba, hujafika kwenye mkeka," Pini alisema.

Kamanda akapiga hatua moja mbele kuidaka bunduki, na hatua ile ikamfikisha kwenye mkeka.

Tik.

Safari hii hakushika moyo wala hakupepesuka. Stuli haikuguswa. Alianguka tu kama gunia linaloshushwa begani, akalala pale pale kimya, na haikusikika hata pumzi yake. Pini alingoja kelele. Alipoona haziji, akasogea, akamwinamia, akamtazama kwa makini.

"Mama," akasema kwa heshima, "leo baba kafa vizuri kuliko siku zote."

Cherehani ilinyamaza. Mke wa Kamanda alichomoa pini midomoni mwake moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. Akainuka, akaichukua bunduki mikononi mwa mtoto. "Kavae viatu, Pini. Utachelewa." Kisha akafungua kopo la vifungo, akachakura, akatoa risasi nyekundu, akaiweka mezani kando ya kikombe cha mumewe.

Kamanda aliitazama akiwa bado chini. Akajigusa kifua. Akaitazama tena.

"Umeitoaje?"

"Nafungua cherehani na kuifunga huu mwaka wa kumi na mbili. Kikomeo kile kingenishinda?"

"Lini?"

"Ulipokwenda kunawa. Mtoto anatafuta kitambaa, mimi nafungua, natazama, nafunga. Nimefanya leo, nimefanya jana, nimefanya juzi. Kila siku ya Mungu tangu mtoto huyu alipoanza kuishika."

Kamanda akaketi. Povu lilimchuruzika shingoni. "Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Wiki ya kwanza nilijua ni tupu, Baba Pini."

"Na hukusema."

"Ulipenda kuitwa Kamanda," mkewe alisema. Akachukua birika kummiminia chai, ikamwagika kwenye kisahani, ikamwagika mezani. "Leo nimefungua nikaikuta hiyo. Nikaitoa. Nikatazama mara ya pili, nikatazama mara ya tatu. Kisha nikamwacha avute. Nilitaka uisikie. Ulivyoisikia leo, mimi ndivyo ninavyoisikia kila siku."

Kamanda aliona aibu, aibu ile ya kweli isiyo na watazamaji, na ndani yake aliona jinsi alivyopendwa kwa miaka mitatu na mtu aliyekuwa anapita nyuma yake akifungua na kufunga. Alitaka kumwambia hivyo. Badala yake, kama mtu aliyeshtushwa usingizini, alisema, "Mtoto wa tajiri!" akatoka mbio.

"Kanawe hiyo sabuni!" mkewe akapiga kelele, lakini alikuwa ameshapita kona.

*

Tajiri wa saruji alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya ghala lake, mwanawe ameketi juu ya mifuko na begi la shule mgongoni, wapagazi wawili wanapakia mkokoteni. Walimwona Kamanda akiingia pekupeku, sabuni imemkaukia masikioni.

"Wezi?" tajiri akauliza, mkono ukienda kwenye droo ya bastola.

"Hapana, bosi. Acha hiyo droo. Bosi, bunduki yangu ilikuwa tupu."

"Tupu vipi?"

"Tupu kama debe. Miaka yote mitatu. Risasi nimeiona jana Jumatatu, na leo asubuhi nusura mwanangu aniue nayo. Yale niliyosema shuleni niliyasema kwa sababu wewe ulikuwa umekaa mbele. Mwanangu alikuwa anacheza na bomba, bosi. Wako anacheza na bastola."

Mpagazi mmoja akaweka mfuko chini ili acheke vizuri. "Kamanda asiye na jeshi!" akasema. Mwenzake akampiga kiwiko.

Tajiri akaegemea kaunta. "Kwa hiyo mimi miaka mitatu nalala usingizi, ghala langu linalindwa na bomba."

"Ulilala vizuri, bosi," Kamanda alisema, kisha kwa kuwa siku ile alikuwa ameamua kutobakisha kitu, akaongeza, "Hata mimi nililala."

Alijua kazi imekwenda. Aliisikia ikienda. Lakini tajiri hakuwa anamtazama yeye tena. Alikuwa anamtazama mwanawe, aliyekuwa amefumba jicho moja na kuulenga mkokoteni kwa kidole.

"Jana alinilenga mezani," tajiri akasema polepole. "Mama yake akapiga kelele. Mimi nikacheka." Akaifunga droo kwa ufunguo, akaijaribu kama imefungika kweli, akautia ufunguo mfukoni, akaushikilia humo humo. Paji la uso lilimtoka jasho ingawa jua lilikuwa halijapanda.

Kamanda akageuka aondoke.

"Wewe," tajiri akamwita. "Jioni njoo kazini."

"Na bunduki?"

"Rudisha kwa wenyewe, nitaongea nao. Chukua rungu. Rungu nikilitazama tu najua lina nini ndani."

Wapagazi walicheka mpaka saruji ikamwagika. Kufikia saa sita mtaa mzima ulikuwa na habari, na kwenye foleni ya bomba la maji hakuna aliyempisha. Alisimama nyuma ya mtoto mwenye madumu mawili, akasubiri zamu yake. Ijumaa alikwenda kwa mwalimu mkuu kuyameza maneno yake, na mwalimu hakumsimanga. Alimkaribisha tu kwenye kile kiti kidogo.

*

Asubuhi baada ya usiku wa kwanza wa rungu, Pini alikuwa mlangoni na kitambaa chake. Alilipokea rungu kwa mikono miwili, akaligeuza, akalitafuta nyundo, akalitafuta triga, akachungulia upande mmoja na wa pili kutafuta tundu.

"Hili halina tik," akasema.

"Halina," Kamanda akakubali.

Pini akafikiri, kitambaa kinadondosha mafuta mguuni pake. Mama yake alikuwa kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote hakuinuka kwenda kwenye kona.

"Sasa baba utakufaje?"

Kamanda akavuta stuli, akaketi, akakivuta kikombe chake karibu.

"Polepole," akasema. "Nikiwa mzee."

Pini akamtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii, akaona mchezo umekuwa wa hovyo kabisa, akaliacha rungu sakafuni na kwenda kutafuta kiatu chake cha pili.